Milima Tunayoipita Tukienda Baharini

Treni ya asubuhi ikishaondoka Mtito Andei, watu huanza kuinuka vitini. Wote huegemea madirisha ya kushoto, upande wa Tsavo Mashariki, simu mkononi, wakimvizia ndovu. Mtoto akipaza sauti "yule pale!" behewa zima huinamia huko. Nimepanda treni hii mara nyingi tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, na nikielekea Mombasa sijawahi kuona behewa likiinamia kulia. Na kulia ndiko, ukikaribia Voi, nyika kame inakokatika ghafla na milima ikasimama: ya buluu kwanza, kisha ya kijani, vilele vimevaa wingu ilhali huku chini jua linachoma. Ndiyo Milima ya Taita. Treni husimama Voi dakika chache, wenyeji wakashuka na mizigo yao, nasi wengine twaenda zetu Mombasa, tuvuke feri ya Likoni, tufike Diani jua likizama.

Wikendi ya Mnairobi ni fedha. Kila Ijumaa jioni magari hutoka mjini kwa njia tunazozijua sote: Naivasha, Nanyuki, na barabara ya Mombasa kuelekea ufuoni. Sina ugomvi na anayekwenda huko. Bahari ni bahari, na mtu aliyeshinda juma zima katika msongamano wa magari ana haki ya kulala mchangani. Ninachosema ni kwamba tumezoea kupima safari kwa vitu viwili, mnyama na maji ya kuogelea, na kipimo hicho kimetufanya tuipite bila kuitazama sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo tajiri kuliko zote katika uliokuwa Mkoa wa Pwani. Kisha kuna jambo la pili, na hili ni zito zaidi: hata fedha za wale wanaofika Kaunti ya Taita Taveta, yenye milima hii, ni nadra kuwafikia wanaoutunza mlima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Taita Taveta wageni wamekuja miaka mingi. Mwenyeji bado anangoja.

Tuanze na mlima wenyewe, maana bila kuuelewa, mengine hayaeleweki.

Mji wa Voi haufiki mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Ndani ya saa chache unatoka kwenye migunga na vumbi jekundu, ukafika mahali ambapo watu huvaa sweta mchana. Kinacholeta tofauti hiyo ni bahari, ingawa huioni. Upepo wa Bahari ya Hindi huvuka nyika yote ukiwa na unyevu wake, na kizuizi kikubwa cha kwanza unachokutana nacho ni milima hii. Hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu ukageuka ukungu. Miti ya msitu wa asili huunasa ukungu huo kwa majani na kuvumwani za magome yake, ikaudondosha ardhini tone kwa tone, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Chemchemi zinazonywesha mashamba ya chini huanzia hapo. Mtaita akikuambia kwamba msitu ni maji, hasemi kwa mafumbo.

Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoteremka Tanzania kupitia Upare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Upande wa Kenya tuna kipande hiki tu. Dawida ndiyo sehemu kubwa, na juu yake uko mji wa Wundanyi. Sagalla imesimama karibu na Voi. Kasigau iko peke yake kusini-mashariki, ikichomoza nyikani kama kisiwa. Neno kisiwa nalitumia kwa makusudi. Misitu hii ya juu imezungukwa na joto la nyika kwa muda mrefu mno, na viumbe waliobaki humo wakawa watu wa kwao, hawafanani na wa kwingine. Kuna ndege mdogo wa kijivu, apalisi wa Taita, na mwingine mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa anayeparura majani makavu chini ya miti. Hawa wawili hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya na Marekani huwekwa dirishani katika vyungu, jamii yake moja humea porini kwenye miamba ya msitu wa Mbololo, na si penginepo.

Lakini anayenishangaza mimi ni kiumbe ambaye mkulima wa Taita humfukua kwa jembe akadhani ni mnyoo mkubwa au nyoka mdogo. Ni ndugu yake chura, ila hana miguu, na maisha yake yote ni ya udongoni. Mwaka 2006 watafiti walichapisha jambo walilomwona akilifanya. Mama anayelea hunenepesha ngozi yake ikajaa mafuta, kisha watoto humtambaa mwilini wakiichuna kwa meno yao madogo na kuila. Baada ya siku chache ngozi huota upya, nao hula tena. Hayo hutendeka chini ya matuta ya mahindi na migomba, mahali ambapo mgeni hupita akitafuta simba. Mlima wa Sagalla una wa kwake, wa jamii tofauti, asiyeonekana popote pengine.

Sasa tazama ukubwa wa hazina hii. Msitu wa Ngangao, ulio mashuhuri kuliko yote ya Dawida, una hekta 120 hivi. Karura yetu hapa Nairobi ina takriban hekta elfu moja. Maana yake Ngangao ingeingia Karura mara nane na nafasi ikabaki. Chawia ni ndogo zaidi. Kilichosalia cha msitu wa asili ni viraka juu ya vilele, na kati ya kiraka na kiraka kuna mashamba, misonobari na mikaratusi iliyopandwa karne iliyopita. Chuo Kikuu cha Helsinki, cha Ufini, kina kituo chake cha utafiti Wundanyi, na wanafunzi wake husafiri kutoka upande wa pili wa dunia kuja kuisoma milima hii. Inaniuma kwamba wapo watu wengi wa Helsinki waliokwisha kulala Wundanyi kuliko ninaowafahamu wa Umoja au Lang'ata.

Mara ya mwisho nilipanda mwezi wa Agosti. Kituo cha treni cha Voi kiko nje ya mji, basi nikachukua bodaboda hadi steji, nikaketi ndani ya matatu ya Wundanyi karibu saa nzima mpaka ikajaa. Kulikuwa na magunia ya mchele, mtungi wa gesi, na mama mmoja aliyepakata kuku kama mtoto. Hadi Mwatate ni tambarare na katani. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda kwa kona kali, masikio yanaziba, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine bila mtu kuagizwa.

Nilifikia kwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo mwenye vyumba viwili vya wageni nyuma ya nyumba yake. Bei yake ilikuwa shilingi 2,500 kwa usiku, chakula cha jioni na chai ya asubuhi ndani. Usiku ule alinipikia kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka yakashikana, akakishusha na mchuzi wa kuku. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta hakuna kitu. Bonde halikuwepo, lango halikuwepo, mti wa parachichi niliouona jana yake hatua kumi kutoka mlangoni haukuwepo. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Nilisikia jembe likigonga jiwe mahali fulani chini yangu, na mtu akakohoa, lakini sikumwona. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Ngoja, mwanangu," akaniambia. "Saa nne utaona kila kitu."

Ilipokaribia saa nne ukungu ulianza kuchanika. Kwanza ukaonekana mgomba mmoja, kisha matuta ya mboga yaliyochongwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima, kisha paa la jirani, na mwisho, mbali sana chini, nyika yote ya Tsavo imetandazwa kama mkeka, na kivuli cha wingu kikipita juu yake polepole. Nimeona mandhari nyingi katika nchi hii. Ile sijaisahau.

Nilimwomba yule mama radhi, nikamwuliza swali ambalo mgeni haulizi: zile fedha zangu zinakwenda wapi? Hakuona vibaya. Alinihesabia kwa vidole. Kuku alinunuliwa kwa jirani wa juu, maziwa kwa jirani wa chini. Muhogo, mboga na parachichi vya kwake. Msichana anayefua mashuka ni wa kijiji hichohicho. Kijana aliyenipeleka Ngangao nilimlipa mwenyewe shilingi 1,500, naye alinionyesha nyumba ya shangazi yake tulipoipita. Katika matumizi yangu yote ya siku tatu, vilivyotoka nje ya eneo lile vilikuwa sukari, majani ya chai na gesi.

Miaka michache kabla ya hapo nililala katika hoteli moja ya huko chini nyikani, kwa bei iliyozidi ile mara saba. Mandhari ilikuwa nzuri, na watumishi walikuwa wema. Chakula cha mchana kilipoletwa nilimwuliza kijana aliyetuhudumia kama zile mboga ni za Wundanyi, kwa sababu najua Wundanyi hulisha mboga masoko ya Mombasa. Akaniambia hapana, mboga huletwa kwa lori kutoka Nairobi, pamoja na maua ya mezani. Tulipokuwa tumeketi, milima ilionekana wazi mbele yetu, na matuta yake ya mboga.

Hapo ndipo fumbo la utalii wa Taita Taveta linapofunguka. Kaunti ina kilomita za mraba 17,084, na katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 340,671. Karibu asilimia 62 ya ardhi hiyo imo ndani ya hifadhi za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka 1948. Ada ya langoni inakusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, shirika la taifa. Linganisha na Maasai Mara, ambayo ni hifadhi ya kaunti, na mapato yake ya langoni huingia Narok. Sisemi kwamba Narok fedha zikishaingia huwafikia wote wanaostahili. Nasema angalau mtu wa Narok anajua mlango wa ofisi atakayokwenda kugombana nayo. Mtu wa Mwatate hana mlango huo. Anachokipata kutoka Tsavo kwa uhakika ni ndovu shambani usiku.

Na maji ni hivyohivyo. Chemchemi za Mzima, zilizomo Tsavo Magharibi, hupata maji yake kutokana na mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu na kuchujwa na mawe ya volkano chini kwa chini. Tangu miaka ya 1950 bomba linayabeba maji hayo hadi Mombasa. Ukiogea hotelini Mombasa, huenda unajimwagia maji ya Taita Taveta. Wakati huohuo kina mama wa vijiji vya nyanda za chini za kaunti hiyo wanasukuma punda wakitafuta maji. Wenyeji wamelilalamikia jambo hili kizazi baada ya kizazi, na sioni kwa nini msafiri wa Nairobi asilijue anapopita.

Kwa hiyo nikisema tupande mlimani, sina maana ya kutafuta tu baridi na picha. Mlima ni mahali ambapo fedha ya mgeni haina lango la kupitia. Hakuna tiketi ya simba. Unalipa nyumba, unalipa kijana anayekuongoza, unanunua parachichi sokoni. Wikendi moja ya namna hiyo, kwa hesabu ya shilingi zinazobaki, yaweza kuushinda usiku wa hoteli ya kifahari.

Mifano ipo, tena si ya mbali. Chini ya mlima wa Sagalla, wakulima waliochoshwa na ndovu wametundika mizinga ya nyuki kwenye nyaya kuzunguka mashamba yao. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, huwaogopa nyuki. Mkulima ameokoa mahindi na ana asali ya kuuza. Mgeni aliye Voi anaweza kwenda kuiona kazi hiyo akarudi mjini kabla ya chakula cha jioni. Kasigau nako, vijiji vitano vilivyouzunguka mlima, Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe na Bungule, vinakaa kandokando ya nyika ambamo mradi wa hewa ya ukaa, unaolipwa kwa miti isiyokatwa, umeifanya miti iliyosimama kuwa na bei. Kupanda Kasigau ni kazi ya siku nzima, jua kali chini na ukungu juu, na ukifika kileleni unaelewa kwa nini mlima huu uligombaniwa na Waingereza na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka pale unaiona nchi yote.

Zaidi ya hapo, kule Kwale, kuna milima ya Shimba, ndugu mdogo wa hii, karibu kabisa na ufuo. Wanaolala Diani hupanda kwa nusu siku kuwatazama palahala, aina ya swala wakubwa, ambao Kenya nzima wanapatikana hapo tu. Kilicho muhimu zaidi kwa hoja yangu ni kile kilicho kando yake: Mwaluganje, ambako Waduruma na Wadigo waliziweka pamoja ardhi zao katika miaka ya 1990 ili ndovu wapite, nao wakawa wenye hisa katika mapato ya lango. Mwenye shamba alianza kumhesabu ndovu kama mapato badala ya hasara. Udhaifu wake nao uko wazi: wageni wakipungua, mgawo hupungua, na subira ya mkulima nayo hupungua. Mpango unaomtegemea mgeni unamhitaji mgeni aje kila mwezi, si Desemba pekee. Na mgeni wa kila mwezi hatoki Ulaya. Ni wewe na mimi.

Nimesikia mara nyingi kwamba Mkenya hapendi kutembea msituni, kwamba anachotaka ni nyama choma na muziki. Karura inalikanusha hilo kila Jumapili. Katika miaka ya 1990 Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa, pa wezi na maiti, na mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko wakiitetea isigawiwe wajenzi. Leo familia zinajipanga langoni na baiskeli za watoto. Mti ni uleule. Kilichoongezeka ni ua, lango linaloeleweka, vijia vilivyosafishwa, vibao vyenye namba kwenye njia panda, na jamii ya jirani yenye kazi humo. Mnairobi alipoonyeshwa njia, alikwenda.

Na njia ndiyo hasa Taita inayokosa. Ukishuka Voi, hakuna kibao kinachokuambia Wundanyi ni wapi, hakuna mtu wa kaunti anayekupa karatasi yenye majina ya nyumba zinazopokea wageni na nambari za waongozaji waliosajiliwa. Yule mwalimu mstaafu nilimjua kupitia mfanyakazi mwenzangu ambaye ni mpwa wake. Asiye na mpwa afanye nini? Atashuka kwenye treni, atazungukwa na madereva watano, atatajiwa bei ya kumpeleka hotelini nyikani, na huko ndiko atakakolala. Serikali ya kaunti haihitaji mabilioni kulirekebisha hili. Inahitaji meza moja pale kituoni, matatu inayongoja treni, na orodha ya nyumba hamsini zilizokaguliwa choo, maji na kitanda. Ningefurahi kuliona jambo hili likiulizwa katika bunge la kaunti kabla ya bajeti ya hoteli nyingine yoyote.

Wapo wenyeji wasiokubaliana nami, nao nawaheshimu. Mzee mmoja niliyekutana naye karibu na Ngangao aliniambia waziwazi: "Tuachieni mlima wetu. Mkija wengi mtaumaliza." Hofu yake ina msingi. Hekta 120 haziwezi kubeba umati, na jambo la kwanza ambalo mwekezaji mkubwa angelifanya ni kuchimba maji juu ya kijiji. Ndiyo maana nasema nyumba na si hoteli, waongozaji na si mabasi. Lakini namwomba mzee atazame upande wa pili pia. Vijana wake wanaondoka. Shamba linagawanywa kwa warithi mpaka likawa uchochoro. Kijana asiyepata chochote kutokana na msitu ataona mbao tu. Yule aliyeniongoza alikuwa na miaka 24, na aliwatambua ndege kwa sauti kabla sijawaona. Alinisimamisha chini ya mti mkubwa wa mkulo, akaweka kidole midomoni, tukangoja kimya robo saa nzima, mpaka yule ndege wa mdomo wa chungwa akatoka kwenye majani, akaparura, akatutazama, akaenda zake. Mkono wa kijana ulikuwa ukitetemeka kwa furaha, na anamwona kila wiki. Mtu huyo hatakata mti. Ila mwezi ule, aliniambia, mimi nilikuwa mgeni wake wa tatu.

Kuna jambo moja ambalo msafiri lazima alijue kabla ya kupanda. Zamani Wataita walifukua fuvu la mzee aliyezikwa na kulihifadhi pangoni pamoja na ya wazee wa ukoo wake. Mapango hayo yapo hadi leo, na yapo pia mafighi, vichaka vitakatifu vya kinga na ibada, ambavyo havikukatwa mti kwa sababu ya heshima yake. Baadhi ya misitu tunayoisifu leo imesalimika kwa heshima hiyo, kabla hata ya kuwepo afisa wa misitu. Mapango na vichaka hivyo si maonyesho. Enda na mtu wa ukoo unaohusika au wa kijiji, uliza kwanza, na ukiambiwa usipige picha, weka simu mfukoni. Nimeona vijana wa mjini wakicheka mbele ya mafuvu ya mababu za watu, na niliona uso wa mwenyeji wetu. Alinyamaza njia yote ya kurudi.

Mwenye siku ya ziada ateremke upande wa magharibi. Barabara ya Mwatate hadi Taveta sasa ni lami. Njiani utapita Maktau na mlima mdogo wa Salaita, ambako mnamo Februari 1916 jeshi la Waingereza lilirudishwa nyuma na Wajerumani. Makaburi ya askari yametunzwa vizuri hapo Taveta, mistari minyoofu, majina yamechongwa. Wapagazi Waafrika waliobeba risasi na unga wa vita vile, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Jina lao limebaki Nairobi: Kariokor, tunakonunulia vikapu na kula nyama, ni jina la kikosi chao. Nilisimama pale Taveta nikalifikiria soko letu. Ziwa Chala liko karibu, buluu iliyozama ndani ya shimo la volkano, nusu yetu nusu ya Tanzania, na Ziwa Jipe liko kusini, tulivu, na milima ya Upare ng'ambo.

Kuhusu kufika sina mengi. Treni ya asubuhi ndiyo husimama katika vituo vyote. Kwa gari, Nairobi hadi Voi ni zaidi ya kilomita 300, na barabara ina malori mengi, usiende usiku. Masika ya Machi hadi Mei hufanya vijia vya msituni kuwa vya utelezi. Agosti ni baridi na ukungu, Januari anga huwa safi. Wikendi ya siku mbili ni fupi mno, ongeza Ijumaa au Jumatatu. Beba sweta, viatu vya kushika, na fedha taslimu kidogo, maana kuna mabonde ambayo mtandao wa simu hauingii.

Mimi niliongeza Jumatatu. Niliamka alfajiri ili niiwahi treni, na Mama alikuwa ameamka kabla yangu. Alinifungia maparachichi sita ndani ya gazeti, akakataa fedha. Matatu iliteremka na taa zikiwaka katika ukungu mpaka karibu na Mwatate, kisha ghafla tukatoka chini yake, jua likatupiga usoni, na abiria wakaanza kufungua madirisha.

Ukirudi Nairobi milima inakuwa kushoto. Behewa lilikuwa limeinamia kulia, ndovu wanne walikuwa karibu na reli. Mvulana wa miaka minane hivi alikosa nafasi huko, akaja kusimama kando ya kiti changu, akatazama nje nilikokuwa nikitazama mimi.

"Mjomba, kule juu kwenye mawingu kunakaa watu?"

Nikasogea, nikampisha dirishani.